Taa na Chambo vya Uvuvi wa Usiku: Somo kwa Mnunuzi wa Tabora, Malagarasi na Ujiji

Mji wa Tabora uko mbali na maji makubwa. Kutoka stesheni yake hadi Kigoma reli hukata zaidi ya kilomita 400, na njia hiyo ndiyo ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea kwa majuma mengi, mizigo ikiwa mabegani, katika enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Hata hivyo Tabora haikuwahi kuwa ngeni kwa mambo ya ziwani. Chumvi ya Uvinza ilipitia hapa ikielekea mashariki, nguo na shanga za pwani zikaenda magharibi. Leo, mtu anayetaka kuvua usiku katika mabwawa ya Malagarasi, au anayekwenda kwa jamaa zake Ujiji, huenda akanunua ndoana, mishipi, betri na taa zake sokoni Tabora kabla ya kupanda treni.

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya mnunuzi huyo. Aghalabu fedha aliyonayo ni ya msimu: tumbaku imeuzwa, madeni yamelipwa, na kilichobaki kinatosha taa moja na vikorokoro vyake. Akikosea, hanunui nyingine hadi mwakani. Tena kosa lenyewe halionekani dukani, kwa kuwa kila taa hung'aa inapowashwa mbele ya mnunuzi mchana kweupe. Huonekana saa sita za usiku, mtu akiwa katikati ya maji.

Taa si moja

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajiulize taa anaitaka kwa kazi gani. Katika uvuvi wa usiku ziko kazi tatu, nazo hazifanywi vema na chombo kimoja.

Ya kwanza ni kuita samaki. Hiyo ndiyo taa ya wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wazee wao waliwasha moto wa kuni kwenye gome la mtumbwi na kuchota dagaa kwa wavu wa mkono. Baadaye ikaja karabai, na sasa taa za LED zinazotumia betri zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ya pili ni kulinda mshipi: taa ndogo mno inayofungwa kwenye ncha ya fimbo ya kuvulia au juu ya boya, ili mvuvi aone ncha ikitikisika samaki anapoonja chambo. Ya tatu ni ya mvuvi mwenyewe. Humwezesha kufunga ndoana, kuona anapokanyaga, kuonekana na chombo kingine, na kurudi nyumbani.

Tumeona wanunuzi wengi wakitaka tochi moja kubwa ifanye yote. Hilo ni kosa la gharama. Tochi kali ikimulikwa juu ya maji mafupi ya bwawa huwafukuza samaki walio karibu na ufuko. Vilevile humpofusha aliyeishika: jicho la mwanadamu huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mmuliko mmoja wa mwanga mweupe huyafuta mazoea hayo yote. Ndiyo maana kwa taa ya kichwani tunapendelea ile yenye chaguo la mwanga mwekundu hafifu, ambao hauliharibu sana jicho lililokwisha kuzoea giza.

Maji ya ziwa na maji ya bwawa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, na mahali penye kina kirefu zaidi hufika mita 1,470. Maji yake ya katikati ni maangavu sana, na mwanga hupenya mbali. Mwanga wa rangi ya buluu na kijani ndio unaokwenda mbali zaidi katika maji ya namna hiyo. Mwekundu humezwa upesi karibu na juu.

Mnunuzi asidhani, kwa kusikia hayo, kwamba ni lazima atafute taa ya buluu. Mwanga mweupe wa LED tayari umebeba buluu na kijani kwa wingi. Muuzaji anayetoza zaidi kwa sababu ya rangi tu anauza rangi.

Yafaa kufahamu taa hiyo inafanya nini hasa. Wadudu wadogo wa majini, ambao ndio chakula cha dagaa, hukusanyika penye nuru. Dagaa, ambao mchana hukaa chini zaidi na usiku hupanda, huwafuata. Na migebuka huwafuata dagaa. Lakini mgebuka ni mwindaji. Hapendi kukaa katikati ya mwanga, bali huzunguka pembeni, pale nuru inapokutana na giza, akivizia dagaa aliyejitenga na kundi. Mwenye mshipi wa mkono na ashushe ndoana yake kwenye ukingo huo na chini yake. Wanaoanza huitupa katikati ya mwanga, wakakaa saa nzima wakitazama dagaa wakiichezea chambo yao, kisha wakailaumu taa.

Kwa sababu hiyohiyo mwezi hushinda taa zote. Usiku wa mbalamwezi nuru imetapakaa ziwa zima, samaki hawana haja ya kukusanyika penye taa ya mtu. Wavuvi wa Kigoma hupumzika katika siku za mwezi mpevu, wakashona nyavu. Anayesafiri kutoka Tabora aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi.

Malagarasi ni maji ya namna nyingine. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, lililotangazwa mwaka 2000 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ni nchi ya mafunjo, matete na maji yenye rangi ya chai au ya udongo kwa kadiri ya majira. Katika maji hayo buluu ndiyo humezwa kwanza kabisa, na taa kubwa huangaza tope la karibu tu, kama taa za gari ndani ya vumbi. Samaki wa huko wanaotafutwa usiku, hasa kambale, hawategemei macho. Kwa hiyo anayevua Malagarasi, au katika malambo na mabwawa yaliyo karibu na vijiji, hana haja ya taa ya kuita samaki hata kidogo. Fedha hiyo na aitie katika taa nzuri ya ncha ya fimbo, taa ya kichwa, na chambo.

Tunasema taa ya kichwa kwa sababu nzito. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, nao hurudi kwa njia zilezile. Mamba huvizia ukingoni. Asiketi mtu penye njia iliyokanyagwa na viboko, hata kama hapo ndipo kambale hula vizuri. Wala asiingie majini kuifungua ndoana iliyonasa. Ndoana hupatikana dukani.

Taa ya ncha ya fimbo

Hii ni bidhaa ngeni kidogo katika maduka yetu, nayo huja kwa aina mbili.

Aina ya kwanza ni vijiti vya kung'aa. Ni mrija mwembamba wa plastiki wenye dawa mbili zilizotengwa na kichupa cha kioo. Ukiukunja, kioo huvunjika ndani, dawa huchanganyika, na mwanga wa kijani hutokea bila moto wala betri. Hudumu usiku mmoja, kisha hutupwa. Joto huvifanya ving'ae zaidi lakini viishe mapema, na baridi hufanya kinyume. Mnunuzi aangalie mambo mawili tu: tarehe ya mwisho wa matumizi, na pakiti ya karatasi ya fedha isiyotoboka. Kijiti kilichokaa juani kwenye meza ya mchuuzi, au ambacho pakiti yake imepenya hewa, huwa kimekufa kabla ya kununuliwa. Kikipasuka, maji yake yasiguse macho wala chakula.

Aina ya pili ni taa ndogo ya betri, nyembamba kama kalamu au ndogo zaidi. Bei yake ni kubwa kuliko ya kijiti kimoja, lakini kwa anayevua zaidi ya mara nne au tano kwa mwaka hii ndiyo nafuu. Isiwe na mwanga mkali. Inatosha ionekane na mvuvi aliyeketi hatua tatu au nne nyuma yake. Zaidi ya hapo humchosha macho na kuwaita mbu. Iwe nyepesi, maana taa nzito huilemaza ncha ya fimbo, na mguso laini wa samaki hauonekani tena. Kijani ndiyo rangi tunayoipendelea: jicho huiona vizuri gizani hata ikiwa hafifu.

Mwenye fimbo mbili anunue rangi mbili. Saa nane za usiku, mtu akiwa amesinzia, kujua ni ipi iliyoinama ni jambo kubwa.

Kuna kengele ndogo pia, inayobanwa kwenye ncha badala ya taa. Ni rahisi, haina betri, na haimdanganyi mtu isipokuwa palipo na upepo. Kwa mvuvi wa bwawa ambaye fedha yake ni kidogo, kengele na kipande cha kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye ncha humfikisha mbali kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri.

Lakini hapa tunasimama ili tuseme jambo lisilohusu samaki. Taa nyingi za namna hii hutumia betri ndogo bapa, kama zile za saa, au vijibetri vyembamba mfano wa sindano nene. Mtoto mdogo akimeza betri bapa ikakwama kooni, umeme wake huunguza nyama ya ndani, na madhara makubwa huweza kutokea katika muda wa saa mbili tu. Mara nyingi hapatikani wa kusimulia. Mtoto hukohoa, hutoa mate, hukataa chakula, na wazazi hudhani ni mafua. Mnunuzi achague taa ambayo mlango wa betri umefungwa kwa skrubu au kwa kifuniko cha kuzungusha kwa nguvu. Betri za akiba ziwekwe mahali ambapo mtoto hafiki, na zilizokwisha zifungwe kwa plasta kabla ya kutupwa. Panapokuwa na shaka kwamba mtoto amemeza, apelekwe hospitali saa ileile, asisubiriwe hadi asubuhi, wala asitapishwe.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Taa ya kuita samaki ndiyo inayokula fedha nyingi, na ndiyo ambayo maandishi yake hudanganya zaidi. Na tufanye hesabu pamoja na msomaji.

Karabai ya kawaida hubeba takriban lita moja ya mafuta ya taa na huwaka kwa saa nane hivi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba lita ni shilingi 3,000, na kwamba mvuvi hutoka usiku 20 katika mwezi, akipumzika penye mbalamwezi. Atatumia shilingi 60,000 kwa kila karabai, bila kuhesabu tambi zinazopasuka na vioo vinavyovunjwa na mawimbi. Mnunuzi aandike bei halisi ya mafuta ya mahali pake, na gharama hiyo ya mwezi ndiyo aipime dhidi ya bei ya taa ya betri.

Nguvu ya taa ya betri huandikwa kwa wati, na wingi wa mwanga kwa lumeni. Anayenunua mwanga na asome lumeni. Wati ni kiasi cha umeme unaoliwa, nayo hutumika kujua betri itadumu saa ngapi. Betri ya volti 12 yenye alama ya Ah 7, ambayo wengi huinunua kwa kuwa ni ndogo na hubebeka, ina 12 mara 7, yaani wati-saa 84. Betri za risasi na asidi hufa mapema zikinyonywa hadi mwisho. Ni busara kutumia nusu tu, yaani wati-saa 42. Ukiifunga taa ya wati 5, itawaka saa nane na ushee. Ukiifunga taa ya wati 10, itawaka saa nne: iliyowashwa saa mbili za usiku itakuwa imekwisha saa sita. Anayetaka wati 10 usiku kucha ahesabu betri ya Ah 14 angalau, na Ah 20 ili awe na akiba.

Hesabu hii ni ya darasa la shule ya msingi. Tunaitaja kwa urefu kwa sababu dukani haifanywi. Muuzaji huonyesha taa kubwa kando ya betri ndogo, vyote viwili huwaka vizuri, na mnunuzi hulipa.

Kwa betri za lithiamu, zile za mviringo zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65 zinazotiwa katika tochi nyingi, ipo alama moja ya udanganyifu ambayo haihitaji fundi. Betri bora za umbo hilo hufikia takriban mAh 3,500. Ile iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo kwa maandishi yake yenyewe, na aliyeidanganya namba hiyo hatujui kingine alichokidanganya. Uzito nao husema: betri halisi huwa karibu gramu 45 au zaidi, na zile tupu huwa nyepesi waziwazi. Mizani ya sonara inatosha kuzitofautisha.

Paneli za sola vilevile. Meta moja ya mraba ya paneli nzuri, juani saa sita mchana, hutoa takriban wati 200. Paneli yenye ukubwa wa karatasi ya barua ni kama sehemu ya kumi na sita ya meta hiyo; haiwezi kuzidi wati 12 au 13, hata boksi lake likiandikwa 100. Anayebeba kijirula sokoni huondoka na hasara ndogo.

Mwisho ni maji. Alama ya IP hufuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza huhusu vumbi, ya pili maji. IP65 huvumilia maji yanayorushwa, na hiyo yafaa kwa taa inayoning'inia. IP67 imepimwa kwa kuzamishwa kina cha meta moja kwa nusu saa, na hiyo ndiyo tungeitaka kwa taa ya kichwa, kwa sababu taa ya kichwa siku moja itaanguka majini. Palipoandikwa kwa maneno tu kwamba taa haipenyi maji, bila tarakimu, tuchukulie kwamba haikupimwa. Mwombe muuzaji beseni.

Chambo

Tumesema mgebuka huona na kambale hunusa. Karibu yote ya chambo yametoka hapo.

Kambale hutafuta chakula chake kwa sharubu na kwa harufu, hasa usiku. Chambo chake na kiwe kizito wa harufu na kigumu kwenye ndoana: nyungunyungu wanene waliochimbwa penye unyevu, utumbo wa kuku, ini, kipande cha samaki chenye ngozi. Kumbikumbi wa mvua za kwanza ni chambo bora, lakini ni laini. Watiwe watatu au wanne pamoja. Kwenye Ziwa Victoria wapo wavuvi wanaotumia vipande vya sabuni ya mche, na kambale huvikamata. Wanaokuja kutoka Mwanza husifu jambo hilo. Sisi hatuoni sababu ya kutia sabuni katika bwawa ambalo watu huchota maji ya kunywa, ilhali nyungunyungu hupatikana bure.

Perege ni samaki wa mchana. Asitafutwe usiku kwa donge la ugali. Donge hilo litaliwa na vijisamaki, na mvuvi atakesha bure.

Kwa mgebuka, dagaa mbichi ndiye chambo, naye huoza upesi kuliko samaki wengi. Dagaa aliyevuliwa jioni huwa amelegea kabla ya alfajiri, tumbo limepasuka, na hutoka kwenye ndoana kwa mtikisiko wa kwanza. Tiba yake ni chumvi. Tandika chumvi ya mawe ndani ya kopo lenye matundu chini, panga dagaa safu moja, chumvi tena, na dagaa tena. Baada ya saa chache nyama huwa imekaza, na chambo hicho hushika ndoana usiku kucha. Chumvi ya Uvinza iko njiani, na kwa kazi hii haihitaji kusafishwa. Dagaa wakavu wa sokoni hawafai mgebuka; hukatika. Lakini wakitwangwa na kukandwa katika ugali mgumu wanafaa kambale, na hicho ndicho chambo tunachompendekezea mtu wa Tabora mjini ambaye hana mahali pa kuchimba nyungunyungu.

Kuhusu vichupa vya dawa ya kuvutia samaki, visivyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya kilichomo, ushauri wetu ni mfupi: visinunuliwe. Samaki atakayevuliwa ataliwa na watoto wa nyumbani. Na sumu ya namna yoyote, ya dukani au ya majani kama utupa, si chambo bali ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Neno kuhusu ndoana, kwa kuwa wengi huchanganyikiwa na namba. Ndoana namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya hapo huja namba zenye mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0 na kuendelea, ambazo hukua kadiri namba inavyokua. Anayeagiza kwa mtu anayekwenda mjini aandike namba kamili pamoja na mkwaju wake, au ampe ndoana ya mfano.

Kabla ya kulipa, na kabla ya kuondoka

Aendaye kuvua afike kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri aulize leseni, aina ya taa na ndoana zinazoruhusiwa, na maeneo yaliyofungwa. Kanuni hubadilika. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na aliyenunua taa kwa mkopo mwezi Aprili bila kuuliza alikuwa na miezi mitatu ya kulipa deni bila samaki. Sehemu ya Mto Ugalla nayo, tangu mwaka 2019, imo ndani ya hifadhi ya taifa, na njia za zamani za wavuvi zisidhaniwe kuwa bado wazi.

Taa ijaribiwe nyumbani usiku mzima kabla ya safari. Iwashwe saa ya kuanzia uvuvi, iandikwe saa ilipofifia. Ikiwa imetoa nusu ya saa zilizoahidiwa, irudishwe ikiwa bado na boksi lake na haijaguswa na maji, kwa maana baada ya hapo muuzaji atasema uliitumbukiza.

Kwa hiyo risiti ni lazima. Risiti iliyoandikwa neno "taa" peke yake haina nguvu; mwombe muuzaji aandike jina la bidhaa, wati, ukubwa wa betri na muda wa dhamana, kisha aweke muhuri. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ya uongo ni shauri la Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na ile inayotiliwa shaka ubora wake hupelekwa kwa Shirika la Viwango Tanzania. Piga picha ya boksi pande zote sita siku ileile ya kununua. Maandishi hufutika haraka kwa mikono yenye maji, na anayekuja kulalamika akiwa na taa mbovu bila boksi wala risiti hana cha kuthibitisha kwamba aliahidiwa saa nane.

Na kama unaenda ziwani katika miezi ya kiangazi, wakati upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, hesabu jaketi la kuokolea maisha katika bajeti hiyohiyo, kabla ya taa ya pili.